Aliyezimia apimwe sukari kwanza

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali ya wilaya, na nina dai moja: kila mgonjwa anayeletwa hajitambui atobolewe kidole, apimwe sukari papo hapo. Jibu hutoka baada ya sekunde chache tu. Hata hivyo, wengi hutufikia wakiwa wameshapitia duka la dawa, zahanati na hata kwa mganga, na kote huko hakuna aliyewapima.

Namkumbuka binti wa darasa la sita. Kwao walishampa mseto, maana alikuwa anatapika na kulalamika tumbo, wakadhani ni malaria. Mama yake alinieleza kwamba kwa wiki kadhaa mtoto alikuwa akiamka usiku kunywa maji, ameanza upya kukojoa kitandani, na amekonda mpaka sketi ya shule inamvuka. Alipofika alikuwa hajitambui, anavuta pumzi nzito za harakaharaka, na pumzi yenyewe inanukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sukari ilikuwa imevuka upeo wa mashine yetu: kilikuwa kisukari.

Mwili usio na insulini huchoma mafuta, damu ikajaa asidi na maji yakaisha mwilini. Tiba yake ni dripu, insulini na potasiamu, na inataka uangalizi wa karibu: potasiamu ikishuka mno moyo huweza kusimama, na ubongo wa mtoto huweza kuvimba. Binti yule alipona. Palipo na vifaa na watu waliofundishwa, katika watoto 100 wenye hali hiyo hufa chini ya mmoja. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa insulini kule Toronto, kuzimia kwa namna hii kulikuwa kifo. Leo kinachoua zaidi ni kuchelewa.

Wazee wana hatari yao. Mwenye kisukari akipata nimonia au kidonda kilichooza, sukari huweza kupanda taratibu kupita 33 mmol/L, damu ikawa nzito na kuganda kwenye mishipa. Hao hufa wengi zaidi, kati ya 5 na 20 katika kila 100.

Kisha kuna sukari kushuka. Mzee amemeza kidonge chake cha kisukari, glibenclamide, asubuhi, hakula, jioni anakutwa hajitambui. Akiwahiwa, hufumbua macho sindano ya glukosi ikiwa bado mkononi. Akiachwa kwa saa nyingi, ubongo huumia: kumbukumbu hupotea, wengine hawaamki tena. Na akiamka, ndugu hutaka kumrudisha nyumbani palepale. Huwa nakataa, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Wapo watakaosema malaria ndiyo tatizo letu kubwa. Sawa, lakini malaria kali nayo hushusha sukari, na kwinini huishusha zaidi. Kwa hiyo mgonjwa wa malaria aliyezimia naye anahitaji kipimo hichohicho. Halmashauri zinazoagiza vipimo vya haraka vya malaria ziagize na stripu za sukari kwa uzito uleule, na zahanati isikae siku hata moja bila stripu.

Kwa familia nina maneno mawili. Mtu wa sindano za insulini akiumwa, asiziache eti kwa kuwa hajala. Apimwe sukari mara kwa mara na awahishwe hospitali akianza kutapika. Na aliyezimia msimmiminie soda wala maji ya sukari mdomoni, yatamwingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Soda ni ya yule anayetetemeka na kutoka jasho lakini bado anameza.

Ukimleta ndugu yako hajitambui, muulize wa kwanza kumpokea: sukari yake ni ngapi? Una haki ya kuuliza, nasi tuna wajibu wa kuwa na jibu.