Lisemwalo Huenda Halipo

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii tumeifundisha miaka nenda miaka rudi bila kuihoji. Leo ningependa tuihoji kwa mfano wa wanafalaki, watu ambao huelekeza darubini zao mahali ambapo huenda pana jambo, na huenda hapana.

Tarehe 17 Agosti, 2017, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa zetu, mitambo ya LIGO nchini Marekani na ule wa Virgo nchini Italia ilipitiwa na mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko hafifu mno ya anga na wakati ambayo Albert Einstein aliibashiri mwaka 1916. Sekunde 1.7 baadaye, setilaiti ya Fermi ilinasa mmweko wa miale ya gama. Je, lilikuwa tukio moja au mawili? Isitoshe, katika mtambo wa Livingston ishara hiyo ilikuwa imevurugwa na kelele za mtambo wenyewe.

Wataalamu hawakungoja yakini. Waliwaarifu wenzao kote duniani, wakieleza walichonasa pamoja na kiasi cha shaka waliyokuwa nayo. Virgo ulikuwa karibu kimya, na kimya hicho kikawa ushahidi: ishara ilitoka upande ambao mtambo huo hausikii vyema. Eneo la kutafuta likapungua hadi kutoshea miezi mipevu zaidi ya 100 iliyopangwa pamoja.

Usiku ulipoingia nchini Chile, darubini ya Swope, yenye kioo cha upana wa mita moja tu, ilipiga picha galaksi moja baada ya nyingine. Takriban saa 11 baada ya ishara, nuru mpya ilionekana katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Nyota mbili za nyutroni zilikuwa zimegongana. Vituo vipatavyo 70 viliifuata nuru hiyo, na ushahidi ukapatikana kwamba migongano ya aina hiyo huzaa elementi nzito, dhahabu ikiwa mojawapo. Miongoni mwa walioitazama ni setilaiti ya Swift, ambayo vipimo vyake vilikuwa vikiteremshwa duniani kupitia kituo cha Malindi, hapa petu.

Si kila mara msako hufaulu. Tarehe 25 Aprili, 2019, ishara nyingine ya nyota za namna hiyo ilinaswa, lakini eneo la kutafuta lilikaribia moja ya tano ya anga nzima, na nuru ya kuaminika haikupatikana. Katika miezi iliyofuata, matangazo kadhaa yalifutwa hadharani baada ya kubainika kuwa yalikuwa kelele tu. Kuyafuta hakukuwa aibu. Ilikuwa sehemu ya kazi.

Hapo ndipo penye funzo kwetu walimu. Kiswahili kina hazina ya maneno ya kupimia uhakika: labda, huenda, yamkini, yaelekea, bila shaka. Kila moja lina uzito wake. Hata hivyo, darasani mwanafunzi asemaye "huenda" huonekana hajasoma. Nakiri kwamba nami nimewahi kumkata alama mwanafunzi aliyeandika "yamkini" pale nilipotaka jibu la mkato. Sasa naona yeye ndiye aliyekuwa mkweli.

Mtoto anayefunzwa kuionea haya shaka yake hatimaye huwa mtu mzima anayeipokea fununu kama yakini na kuisambaza kwa simu kabla ya kuichunguza. Basi tumpe alama anayesema "huenda" na kueleza kwa nini, kisha tumtake aonyeshe jinsi atakavyothibitisha. Methali tuendelee kuifunza, lakini tumwongezee mwanafunzi agizo moja: lisemwalo, kalitafute kwanza.