Namba iliyofichwa na namba ya kughushi: nani hasa anakupigia?

Simu inaita usiku. Kwenye kioo hakuna jina wala namba, ila maneno yanayosema kwamba mpigaji ameficha namba yake. Wapo watakaoiacha iite mpaka ikatike, kwa kuhofia matapeli. Wapo watakaopokea mbio, kwa sababu mtoto aliyeko Marekani akipiga, simu yake huingia hivyohivyo.

Wote wawili wana sababu nzuri. Namba kutoonekana si ushahidi kwamba anayepiga ni mwizi, na namba kuonekana si ushahidi kwamba ni mtu mwema. Ili kuelewa kwa nini, tuanzie kwenye kisanduku kidogo kilichopo katika nyumba nyingi za ughaibuni.

Kisanduku cha simu ya intaneti

Katika nchi kama Marekani, Canada na Uingereza, simu ya mezani inaachana na waya wa zamani na kuhamia kwenye intaneti. Uingereza imepanga kuuzima kabisa mtandao wake wa zamani wa simu za waya ifikapo mwisho wa Januari 2027. Wenye simu za kawaida za mezani wanaweza kuendelea kuzitumia kwa msaada wa kifaa kinachoitwa adapta. Upande mmoja kinaunganishwa na intaneti ya nyumbani, upande wa pili kinachomekwa simu. Kazi yake ni kugeuza sauti kuwa data na data kuwa sauti.

Simu ya namna hii haihitaji laini ya kuweka ndani ya kifaa. Namba yake inatoka kwenye akaunti ambayo mteja amefungua katika kampuni ya simu za intaneti. Kwa hiyo hata suala la namba kuonekana au kufichwa ni la mipangilio tu.

Mwenye adapta anaweza kuficha namba kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa simu moja moja: Marekani na Canada hutanguliza *67 kabla ya namba anayoipigia, Uingereza hutanguliza 141. Ya pili ni ya kudumu: anafungua akaunti yake kwenye tovuti ya kampuni, au ukurasa wa mipangilio ya adapta yenyewe, anachagua namba isionekane, kisha anahifadhi. Tangu hapo kila simu anayopiga inatoka bila namba mpaka abadilishe tena.

Ndiyo maana ndugu yako anaweza kukupigia mwaka mzima bila kujua kwamba namba yake huioni. Huenda adapta iliwekwa hivyo na aliyeifunga. Mwambie ajipigie kwenye simu yake ya mkononi aone kinachotokea. Kama namba imefichwa na anataka ionekane kwa simu hiyo moja tu, Marekani hutanguliza *82, na Uingereza 1470.

Kuficha si kufuta

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba namba iliyofichwa haipotei. Inasafiri pamoja na simu, ikiwa na alama inayosema: asioneshwe anayepigiwa. Kampuni ya simu inaiona. Marekani, ukipiga namba ya dharura 911, wahudumu wanaiona hata kama umeificha.

Kwa kuwa ni alama tu, inategemea kila mtandao njiani kuiheshimu. Simu ya kutoka ng'ambo hupita mikononi mwa kampuni kadhaa kabla ya kufika kijijini. Njiani alama inaweza kudondoka, au namba yenyewe ikadondoka. Hivyo ndugu yuleyule leo anaingia na namba yake, kesho bila namba, keshokutwa na namba usiyoifahamu.

Kuficha namba kuna sababu za halali. Mwanamke aliyemkimbia mume mkatili anaweza kutaka kuwapigia wazazi bila kuacha namba ya mahali alipojificha. Daktari anaweza kumpigia mgonjwa akiwa nyumbani bila kutaka asumbuliwe usiku kucha. Anayeficha namba hajakudanganya. Amekataa kujitambulisha tu, na wewe una haki ya kukataa kupokea.

Hatari kubwa iko kwenye kughushi

Mifumo ya simu za intaneti inaweza kumruhusu mteja kuandika namba gani ionekane kwa anayepigiwa. Hospitali hutumia njia hiyo ili simu za madaktari wote zioneshe namba moja ya mapokezi. Tapeli naye huitumia kuonesha namba ya benki, ya polisi, au ya mtu unayemwamini.

Mfano mkubwa ulitokea Marekani Januari 2024, siku mbili kabla ya uchaguzi wa awali katika jimbo la New Hampshire. Maelfu ya wapiga kura walipokea simu yenye sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden, ikiwashawishi wasiende kupiga kura. Sauti hiyo ilitengenezwa kwa akili bandia. Namba iliyoonekana ilikuwa ya mtu aliyewahi kuongoza chama cha Democratic jimboni humo, na hakuwa amempigia yeyote.

Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilimtoza mshauri wa siasa Steve Kramer faini ya dola milioni 6. Katika kesi ya jinai jimboni, baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru Juni 2025. Kampuni ya Lingo Telecom, iliyozipitisha simu hizo, ilikubali kulipa dola milioni 1.

Somo liko kwenye hiyo kampuni. Tangu Juni 2021, Marekani inazitaka kampuni za simu za intaneti zithibitishe kidijitali kwamba mpigaji ana haki ya kutumia namba inayoonekana. Simu zile za New Hampshire zilikuwa na uthibitisho huo, tena wa daraja la juu kabisa. Kampuni ilikuwa imetia muhuri bila kukagua. Muhuri wowote una thamani ya umakini wa anayeugonga.

Na hapa nyumbani?

Tanzania tulichukua njia nyingine: kusajili laini kwa alama za vidole. Usajili huo unasaidia kumfuatilia mhalifu baada ya tukio, lakini wakati simu inaita haukwambii ni nani ameishika. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine aliyerubuniwa. Na simu inayoanzia kwenye intaneti nje ya nchi haijapita kwenye kidole cha yeyote.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza bado ni wewe mwenyewe. Ukipigiwa na mtu akasema ni mwanao, amelazwa, tuma hela haraka, usibishane naye. Kata simu, kisha piga namba ya mwanao uliyonayo siku zote. Usirudishe simu kwa kubonyeza namba iliyoingia. Familia ikubaliane swali moja ambalo jibu lake linajulikana nyumbani tu, kwa sababu sasa hata sauti inaweza kuigwa.

Unapotuma pesa kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Kama si la unayemtumia, sitisha. Namba yako ya siri usimpe yeyote, hata kama namba inayoonekana ni ya mtandao wako. Ujumbe au namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye ofisi ya mtandao husika ikafutwe.

Ndugu wa ng'ambo naye ana wajibu wake. Aache namba yake ionekane anapopiga nyumbani, na akiibadilisha atoe taarifa mapema. Mzazi anayeogopa kupokea simu kwa sababu ya matapeli anaweza kuikosa ile ya kweli, siku ambayo mtoto ana shida ya kweli.