MNARA WA TAA WA CHUMBE NA WAVUVI WAKE



Wako wazazi wengi hapa Miyuji ambao, likizo ya shule ikikaribia, huwaza kuwapeleka watoto wao pwani. Jambo hilo ni jema, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme imelifanya jepesi, maana hutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa saa chache, na huko boti huvuka mpaka Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini msafiri mwenye akili hutafuta la kurudi nalo nyumbani. Kwa hiyo mwezi huu twawaelekeza Wilaya ya Magharibi B, kusini ya mji wa Unguja.

Wilaya hii imeshikamana na mji, na majumba mapya huzidi kujengwa humo. Walakini kando ya bahari vingalipo vijiji vya wavuvi, kama vile Buyu, Bweleo na Fumba. Huko mtoto wa bara ataona ngalawa zikirejea, na madema na nyavu zikitengenezwa. Naye na aulize kwa adabu. Ataelezwa habari za kusi na kaskazi, za bamvua na maji mafu, elimu ambayo baba humrithisha mwana.

Kuvuka bahari kidogo kutoka Chukwani kiko kisiwa cha Chumbe, ambacho urefu wake wapata kilometa moja. Mwaka 1904, zama za himaya ya Uingereza, ulijengwa hapo mnara wa taa wa kuongoza vyombo usiku, nao ungali umesimama. Karibu yake pana msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi, uliojengwa kwa ajili ya walinzi wa taa. Kisiwani hapana kisima wala chemchemi. Hata hivyo watu wale walikaa, wakasali, na usiku wakaiangalia taa kwa ajili ya mabaharia wasiowajua, ambao hawakupata hata kuwashukuru.

Leo kisiwa hicho kina ulinzi wa namna nyingine. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa matumbawe ulio magharibi yake kuwa hifadhi, na kuvua hapo kukakatazwa. Waliofundishwa kuulinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, nao hawachukui silaha. Mvuvi akikaribia, humwendea wakamweleza kwamba samaki wakiachwa wazaane hapo, wengine hutoka nje ya mpaka na kuingia katika nyavu za watu wote.

Huenda mtu akauliza: Je, ni haki kumzuia maskini asivue, na mgeni mwenye fedha akaogelea pale pale? Swali hili ni zito, wala halifai kupuuzwa.

Kutenga mahali si jambo geni katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqii, karibu na Madina, iwe malisho ya farasi wa Waislamu, na malisho ya namna hiyo huitwa hima. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka mtumishi wake kuilinda hima, alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri, kwa kuwa tajiri mifugo yake ikifa anayo mashamba ya kumtunza, bali maskini hana pa kukimbilia. Basi hicho ndicho kipimo. Hifadhi ni halali na ni njema maadamu mnyonge anaipata faida yake. Akisahauliwa huyo, hugeuka kuwa shamba la wakubwa.

Sisi wa Dodoma twalijua jambo hili. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 makumi ya maelfu ya mifugo yaliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizoliwa na mmomonyoko. Majani na miti vilirudi, nayo ni neema kubwa. Lakini wafugaji ndio waliolipa gharama, maana ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba yao. Yafaa vijana wawaulize wazee wa Kondoa namna walivyoishi miaka ile, kisha wayalinganishe watakayosikia na ya mvuvi wa Buyu.

Basi mzazi anayesafiri asiwaonyeshe watoto mnara na mawimbi tu. Awaulize: Ni nani aliyejinyima ili mwingine apate? Na je, amelipwa haki yake? Tena awaonyeshe jinsi nyumba za Chumbe zinavyokinga maji ya mvua juu ya paa na kuyaweka akiba. Nasi Miyuji, ambako mvua hunyesha miezi michache tu, twaweza kuanza kwa tangi moja nyumbani, na kumgawia jirani asiye na paa la bati.

Wabillahi taufiq.