DOHA SI KARIBU KULIKO KISUMU



Mawakala wa kazi za ng'ambo wazunguka siku hizi katika nyumba zetu hapa Nakuru, toka Bondeni hadi Kaptembwa, na neno lao ni moja: Doha ni karibu, ndege ni mwendo wa saa tano tu, hata Kisumu ni mbali zaidi. Sisi watu wa reli, tunaoishi kwa kuhesabu njia na dakika, hatuwezi kulinyamazia neno hilo.

Lililo kweli tulikubali. Toka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Hamad huko Doha ni kama kilomita 3,350 kwa mstari ulionyooka, na ndege huzimaliza kwa saa tano na kitu. Hata saa ya mkononi huna haja ya kuigeuza, maana Kenya na Qatar zahesabu saa sawasawa. Na gari la moshi la abiria toka Nairobi hadi Kisumu, liliporudishwa Desemba 2021, lilitumia kama saa 12 kwa njia ya kilomita 400 hivi. Ni aibu, lakini si aibu ya dereva wala ya fundi wa njia. Reli hiyo ilifika Kisumu mwaka 1901. Yapanda Mau zaidi ya mita 2,500, nayo ni njia moja tu. Gari lingine likija, wewe wangoja stesheni. Ndege haina Mau.

Lakini, Bwana Wakala, saa tano zako zaanza ndege ikiacha ardhi na kwisha ikigusa ardhi. Kwetu sisi zamu haijaisha mpaka mtu arudi kwake. Basi tuambie, kurudi toka Doha ni saa ngapi? Mpaka mwaka 2018 wafanyakazi wengi wa kigeni huko hawakuweza kutoka nchini bila ruhusa ya mwajiri, na watumishi wa nyumbani walingoja mpaka Januari 2020. Sheria ya huko ya mwaka 2015 yamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mtu. Vema. Binti aliyefungiwa jikoni ataisomea nani sheria hiyo?

Tena kuna ada. Mzazi auza ng'ombe, au aweka shamba rehani, na kijana afanya kazi miezi kulipa deni kabla hajaonja mshahara. Miezi hiyo nayo ni safari. Haikuandikwa katika tiketi.

Hatumkatazi mtu kusafiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya ng'ambo ushuhudiwe na afisa wa kazi. Wakala asiyekubali kwenda pamoja na kijana mbele ya afisa huyo asipewe hata kiti. Na mzazi aliye na mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoijua, aulete kwa katibu wa tawi kabla ya kutoa shilingi moja.