Pikipiki mpya inakuja, bei inashuka? Mama, akiba ya uzazi isiguswe na uvumi

SEHEMU YA 1: Kwa nini nesi anaongelea pikipiki

Leo naweka pembeni uji wa lishe na chanjo. Naongelea pikipiki.

Sababu ni hii. Huku kwetu Kimara, ukishaiacha Morogoro Road ukaingia Kilungule, Golani, Mavurunza au Bonyokwa, ni milima na mabonde. Bodaboda ndiyo miguu yetu. Na kwa nyumba nyingi zinazoleta watoto kliniki, bodaboda ndiyo chungu chenyewe kilicho jikoni.

Sasa kila baada ya miezi kadhaa unavuma upepo vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp. "Boxer mpya inakuja." "TVS wanashusha bei." "Ya umeme inaingia, milioni mbili tu." "Wahini, bajeti ikisomwa zinapanda." Upepo huo ukivuma, hela ya ndani inahama. Mama ana mimba ya miezi saba, ukimuuliza maandalizi ya kujifungua yamefikia wapi, anakwambia ile akiba baba watoto kaichukua, kalipia "oda" ya pikipiki ambayo hata huyo muuzaji hana dukani.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane: bei ya kusikia isiguse hela ya uzazi, ya chakula, wala ya matibabu ya mtoto. Sijasema msinunue pikipiki. Nunueni. Ila nunueni pikipiki, msinunue habari za pikipiki.

SEHEMU YA 2: Uvumi unavyopikwa

Uvumi mzuri huwa hauanzi na uongo. Unaanza na ukweli, halafu unaongezwa chumvi njiani.

Chukua huu mfano. Julai 2024, kampuni ya Bajaj kule India ilizindua pikipiki inaitwa Freedom 125. Inatumia gesi asilia na petroli pia, na ndiyo ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo duniani kuingia sokoni. Ina mtungi wa gesi wa kilo 2 na tangi la petroli la lita 2, na kampuni ilisema ukijaza vyote unatembea kama kilomita 330. Bei ya kuanzia ilikuwa rupia 95,000. Yote hayo ni kweli kabisa.

Sasa mtu anachukua simu, anageuza rupia kuwa shilingi, anapata karibu milioni 3. Anabandika picha stetasi: "Ya gesi hiyo, milioni 3, inakuja Dar." Imeisha! Kesho yake kijiwe kizima kinaijua bei ya pikipiki ambayo hakuna aliyeigusa.

Asichokuambia ni hivi. Ile ni bei ya duka la India, kwa Mhindi, kabla hata ya usajili na bima ya hukohuko. Haijapanda meli, haijagusa bandari, haijaonja kodi yetu. Na hata India kwenyewe haikukaa: Desemba ya mwaka huohuo bei ya baadhi ya matoleo yake ikashushwa. Kama bei ya kwao wenyewe haikumaliza miezi sita, hiyo ya kwenye stetasi unaishikaje kama msahafu? Halafu ni ya gesi, na foleni za vituo vya gesi hapa mjini mnazijua. Muda wa foleni ni hela ya boda vilevile.

Za umeme nazo ndiyo hivyohivyo. Kigali kuna kampuni inaitwa Ampersand, dereva akiishiwa chaji anaingia kituoni, anaacha betri tupu, anapewa iliyojaa, anaondoka. Utaratibu mzuri. Lakini kwenye mpango wa namna hiyo unanunua pikipiki, betri inabaki ya kampuni, na kila ukibadilisha unalipia. Kwa hiyo ukisikia "ya umeme ni rahisi", swali la kwanza ni: bei hiyo ni pamoja na betri, au bila? La pili: kituo cha kubadilishia kiko wapi? Kama kiko Posta na wewe unalaza chombo Bonyokwa, hesabu imebadilika.

SEHEMU YA 3: Bei ya hapa kwetu nani anaitangaza?

Mafuta yana mwenyewe. EWURA kila mwezi wanatangaza bei kikomo, mtu akikuuzia zaidi ya hapo unajua kakosea. Pikipiki haina EWURA wake. Bei inapangwa na anayeuza, kutokana na gharama zake na ushindani wa jirani yake. Ndiyo maana kila mtu anaweza kujifanya msemaji.

Boxer na TVS zinatoka India. Zinalipiwa kwa dola, zinasafirishwa, zinalipiwa ushuru, kuna VAT ya asilimia 18, kuna usajili, kuna faida ya muuzaji. Dola ikipanda, bei inapanda hata kama pikipiki ni ileile ya mwaka jana. Mwaka 2024 tuliona wenyewe: dola moja ilipita shilingi 2,700, na kufika mwisho wa mwaka ikarudi kwenye 2,400 na kitu. Aliyejiapiza katikati ya mwaka kwamba "bei haitashuka kamwe" na aliyejiapiza kwamba "itashuka wiki ijayo" wote walikuwa wanabahatisha.

Na hili la bajeti. Bajeti inasomwa Dodoma mwezi Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kinachobadilika kinasomwa bungeni, wazi, mchana kweupe. Juni 2021 kwa mfano, waziri wa fedha alisoma pendekezo la kushusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ilisikika nchi nzima. Kwa hiyo mtu akikunong'oneza mwezi Aprili kwamba "ndani ya bajeti kuna kitu", mwambie tutakisikia kikisomwa.

SEHEMU YA 4: Kusubiri kuna gharama, kukimbilia kuna gharama

Hapa ndipo akina mama mnapaswa kushika kalamu. Nitatumia namba za mfano, wewe weka za kwako.

Baba watoto anaendesha pikipiki ya tajiri, anapeleka hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku. Ana hela ya kununua ya kwake leo, lakini kasikia miezi sita ijayo toleo jipya linaingia na la zamani litashuka kwa laki tatu. Anasubiri. Siku 26 za kazi kwa mwezi, mara miezi sita, mara 8,000: ni shilingi 1,248,000 zimeenda kwa tajiri. Toa matengenezo makubwa, ambayo angeyabeba mwenyewe. Hata ukitoa nusu nzima, bado kapoteza laki sita na ushee kusubiri laki tatu ambayo hakuna aliyeiahidi.

Geuza upande. Kasikia zinapanda kwa laki mbili, kaingiwa na kiwewe, kakopa milioni moja na nusu kwa wale wa kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza tu riba ni laki tatu. Amekimbia laki mbili akaangukia laki tatu, na mwezi wa pili unamsubiri mlangoni.

Na mkataba, ambao vijana wengi ndio mnautumia. Pikipiki ya taslimu milioni 3, mkataba shilingi 11,000 kila siku kwa siku 450. Zidisha: 4,950,000. Simkatazi mtu mkataba, kwa asiye na mtaji ni mlango. Ila mjue mnalipa karibu milioni mbili zaidi, na uvumi wa laki moja kupanda au kushuka hapo ni kelele tu.

SEHEMU YA 5: Upande wangu wa unesi

Baba mmoja aliniambia, "Nesi, lakini toleo jipya linakula mafuta kidogo, sasa ubaya uko wapi?" Hoja nzuri. Mafuta ni hela ya kila siku, na pikipiki inayokula kidogo ni baraka ndani ya nyumba. Likishafika dukani, ukaliona, ukauliza waliolitumia, chukua. Sina ugomvi.

Ninachoshangaa ni kwamba nimesikia mjadala wa rangi ya tangi, taa na idadi ya gia, lakini sijasikia mtu akiuliza hilo toleo jipya breki zake zikoje, ekzosi ina kinga au itaendelea kuchoma miguu ya abiria wetu. Na sijasikia mtu akiweka kofia ngumu ndani ya bei.

Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kofia ngumu inapunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki akipata ajali kwa takribani asilimia 40, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Hakuna toleo jipya la injini linaloweza kukupa hiyo. Ila iwe imefungwa kidevuni. Ile ya kuning'inia kwenye usukani inalinda usukani.

Mfupa wa mguu ukivunjika vibaya, kupona ni miezi mitatu, minne, wakati mwingine sita na zaidi. Miezi hiyo mkataba hausimami na mtoto hasubiri maziwa. Na wengi hawajui kwamba ile bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga, wewe dereva haikutibu. Bima ya afya ya familia ni kitu kingine, na nayo iingie kwenye hesabu.

SEHEMU YA 6: Fanyeni hivi nyumbani

Kaeni wawili, baba na mama, simu pembeni.

Moja: tengeni hela ya uzazi na ya dharura ya watoto kwanza, ikae mahali ambapo haitolewi na mtu mmoja peke yake. Kikoba, akaunti, vyovyote.

Mbili: hakuna kulipia oda ya pikipiki ambayo muuzaji hana. Iwepo, muione, mpewe risiti na hatua za kuhamisha umiliki zieleweke.

Tatu: pitieni maduka matatu siku moja, muulize bei kamili pamoja na usajili. Hiyo ndiyo bei. Ya stetasi iacheni huko.

Nne: andikeni bei ya nyumba: pikipiki, kofia ngumu mbili nzima (ya dereva na ya abiria), bima, na akiba ya wiki mbili bila kazi. Kama jumla haifiki, bado hamjafika. Hamjachelewa.

Tano: kama ni mkopo, ulizeni kwanza ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haina riba. Ofisi ya kata wanajua utaratibu. Mkopeshaji asiye na leseni ya Benki Kuu, mpiteni mbali.

Najua kuna shemeji zangu watanuna kwa hili bandiko. Nuneni, lakini fanyeni hesabu. Na wewe mama uliye na mimba sasa hivi, leo usiku muulize mwenzio kwa upole: ile hela yetu ipo? Kama imeshaenda kwenye oda, kesho asubuhi nendeni wote wawili mkaidai mapema.

Maswali yaacheni kwenye komenti, nikitoka zamu nitajibu. Ambaye mumewe ni boda, mtagi.