BONETI YA KABONI YA STAA WA KIBITI: MATUNDU YAMEPENDEZA, ILA MVUA HAIJUI USTAA

Kibiti kwa sasa ina stori moja tu. Ni ndinga ya staa mmoja wa singeli, mtoto wa delta kabisa, jina linahifadhiwa. Gari yenyewe ni Mark X nyeupe, kama zile zinazopita Barabara ya Kilwa kila siku mpaka mtu hageuki kuangalia. Kinachogeuza shingo za watu ni boneti. Nyeusi, inang'aa, ina mchoro kama mkeka uliosukwa, halafu juu ina matundu mawili makubwa kama pua za kiboko wa Rufiji anapotokeza majini.

Picha zilivyosambaa, watu wakagawana pande. Upande mmoja: "Kaua! Kibiti tumefika." Upande wa pili: "Ushamba huo, boneti ya mbio za magari unaendea sokoni?" Wiki nzima watu wanachambana.

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zimekosea swali. Boneti inapendeza, hilo halina ubishi. Na kijana aliyewahi kubeba ndoo za kamba kichwani pale Nyamisati, leo akaweka urembo kwenye gari yake kwa jasho lake, hana kesi ya kujibu kwa mtu. Swali ni hili: Jumatatu asubuhi, show zikiisha na kamera zikizimwa, hiyo gari inafanya kazi gani?

GARI YA KILA SIKU SIO GARI YA KIDEO

Watu wa karibu na staa huyu wanajua ratiba ya hiyo Mark X. Ijumaa na Jumamosi inaenda Dar, zaidi ya kilomita 130 kutoka Kibiti, inapita Mkuranga, Vikindu, inakutana na foleni ya Mbagala. Jumapili inarudi. Siku za kazi inambeba mama mdogo na kamba wake kutoka Nyamisati. Mara moja kwa mwezi inamsubiri mama mzazi ashuke kwenye boti kutoka visiwani, impeleke kliniki ya presha.

Hiyo ndiyo maana ya gari ya kila siku. Ni daladala ya ukoo, pikapu ya biashara, na ikibidi ni ambulansi.

Sasa boneti imeingiaje hapo? Staa hakununua kwa mbwembwe peke yake. Gari ilikuwa inachemsha. Akiwa kwenye foleni ya Mbagala mshale wa joto unapanda, anazima kiyoyozi, anafungua vioo, jasho linamtoka na show hajaanza. Mshkaji mmoja wa mjini akamwambia: "Bro, injini haipumui. Weka boneti ya kaboni yenye matundu, joto lote litatoka juu." Akauziwa ndoto hiyo, hela ya show kadhaa ikaondoka.

BONETI HAITIBU REJETA

Matundu ya boneti siyo uongo. Yana kazi. Hewa inaingia kwenye shoo ya mbele, inapita kwenye rejeta, inabeba joto, halafu inatafuta pa kutokea. Chini ya boneti kumejaa, hewa inabanana. Ukiweka matundu sehemu sahihi, hewa ya moto inatoka juu na nyingine inapata nafasi ya kuingia. Ndiyo maana Mitsubishi Lancer Evolution zilitoka kiwandani na matundu kwenye boneti. Lakini zile ni gari zenye tabo, zimetengenezwa zikifikiria mbio. Mark X ya lita 2.5 isiyo na tabo imetoka Japani na boneti iliyofungwa, na wahandisi wa Toyota hawakusahau kitu. Mfumo wa kupooza uliowekwa mle unatosha kabisa, ukiwa mzima.

Hapo kwenye "ukiwa mzima" ndipo penye siri. Kabla hujanunua boneti ya kutoa joto, jiulize gari inachemsha lini. Kama inachemsha kwenye foleni halafu ikikimbia inapoa, hiyo mara nyingi ni feni. Imekufa, imechoka au haiwaki kwa wakati. Kama inachemsha ukiwa mwendo wa kasi barabara ya Ikwiriri ambako upepo upo wa kutosha, angalia rejeta, inawezekana imeziba ndani au mapezi yake yamejaa vumbi na wadudu. Kama maji yanapungua kila siku, kuna pa kuvujia, au gasketi inaaga.

Na kuna ugonjwa wetu wa kibongobongo: gari ikichemsha, fundi anang'oa thamostati anaitupa, anajaza maji ya kisimani badala ya kulanti. Miezi michache mbele kutu na chumvi vimeziba rejeta, gari inachemsha kuliko mwanzo. Gari ya staa wetu ilikuwa imepitia yote mawili. Feni moja ilikuwa haizunguki, rejeta ina tope jekundu. Kifupi, ugonjwa ulikuwa mbele ya injini, dawa ikawekwa juu ya injini.

USIKU WA MVUA, NJIA YA NYAMISATI

Masika ikaingia. Wadau wa Pwani hawahitaji kufundishwa mvua za huku zikoje. Hii ni pwani ambayo Kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, barabara ya kusini ikakatika kule Somanga na watu wakakwama. Hata mwaka usio na kimbunga, masika ya delta haina adabu.

Siku hiyo mama alishuka kwenye boti jioni, miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Staa akampokea, safari ya kutoka Nyamisati kutafuta lami ya Bungu ikaanza gizani. Mvua ikamwagika. Matundu yale mawili hayakuwa na kifuniko wala sinia la kukinga maji kwa chini. Na ile plastiki inayofunika injini juu ilikuwa imetolewa, eti injini ionekane ukifungua boneti. Maji yakawa yanadondokea kwenye koili na waya moja kwa moja.

Gari ikaanza kukohoa. Ikamisi. Ikazima. Porini, usiku, mama nyuma anahema.

Wanaosimulia wanasema mama hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mwanangu, hii gari nayo imeshikwa na kifua?" Kijana hakuwa na jibu. Mama akavalishwa koti la mvua, akapakatwa kwenye bodaboda mpaka Bungu, ndipo ikapatikana gari nyingine ya kumfikisha hospitali. Mungu mkubwa, yuko salama. Mark X ikavutwa kwa kamba asubuhi na lori la mchele. Fundi alipong'oa koili akakuta maji yametuama kwenye visima vya plagi kama kisima cha kijiji.

Hapo hakuna aliyeuliza tena kama boneti imeua au ni ushamba.

WENYE HELA WENYEWE WANAZIBA

Kuna watu watasema, mbona magari ya mbio yana matundu kila kona? Sawa, twende huko. Safari Rally ya Kenya iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, watu walijionea vumbi la Naivasha na madimbwi yake. Toyota ilishika nafasi nne za juu mwaka 2022, ikarudia tena mwaka 2023. Hizo ni timu zenye wahandisi na hela za kumwaga. Na kwenye mashindano hayohayo, magari yao yameonekana na snoko, lile bomba linalopandishwa pembeni ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa ya juu isiyo na maji wala vumbi. Yaani wanaojua kazi, wakija Afrika wanaanza kwa kufikiria maji na vumbi viingie wapi na wapi visiingie. Sisi tunaoishi humo tunatoboa tundu juu ya koili.

Halafu wao wana mafundi wanaofungua gari kila siku. Staa wetu ana fundi mmoja chini ya mwembe.

NA UZITO JE?

Sifa nyingine ya kaboni ni wepesi. Ni kweli, boneti ya chuma ya saluni inaweza kufika kilo 15 mpaka 20, na ya kaboni iliyotengenezwa vizuri inapunguza karibu nusu. Kwa dereva anayetafuta nusu sekunde, hiyo ni dhahabu. Kwa gari inayotoka Nyamisati na ndoo mbili za kamba na barafu kwenye buti, kilo hizo zimerudi kabla hujafika Bungu.

Tena nyingi zinazouzwa bei ya kutamanisha siyo kaboni yote. Ni faiba ya kawaida iliyovalishwa ngozi moja ya kaboni kwa juu. Wepesi hauna, unalipia mchoro. Kama ni mchoro unautaka, poa, ila ujue unachonunua.

UKIAMUA LAZIMA UIWEKE

Kupenda urembo siyo dhambi, na kuna watakaoiweka tu hata waambiwe nini. Basi chagua kwa akili.

Kwanza, geuza boneti uangalie chini. Kama ndani kuna utando mweupe au wa kijani wa faiba, umeshajua. Angalia kama ina mbavu za kuishikilia na kama sehemu ya kufuli na bawaba imeimarishwa. Boneti laini ikifunuka ukiwa mwendo wa kasi inakuja usoni kwako. Weka na pini za ziada mbele.

Pili, angalia matundu yako wapi. Yanayofaa yako mbele kidogo, nyuma tu ya rejeta, mbali na kioo. Karibu na kioo cha mbele upepo unabana kurudi chini, kwa hiyo tundu la pale linaweza kuingiza hewa badala ya kuitoa. Ndiyo maana hata ule mtindo wa kuinua boneti nyuma kwa kuweka washa kwenye bawaba ni wa kuangalia sana. Kiyoyozi chako kinavuta hewa palepale, utakula moshi wa injini ndani ya gari.

Tatu, nunua yenye vifuniko vya mvua, au tengenezesha sinia la bati lenye mfereji chini ya matundu, maji yaende pembeni. Rudisha plastiki ya injini mahali pake. Masika ikifika, ziba.

Nne, jua la Pwani. Kaboni yenyewe haina shida sana na jua, shida ni gundi yake na vanishi ya juu. Vanishi mbovu inageuka njano, inapauka, inapasuka kama midomo ya mfungaji saa kumi jioni. Dai vanishi inayokinga jua, na paki kivulini.

Tano, usiuze boneti ya zamani! Chuma kikigongwa, fundi wa Kibiti anakinyoosha, anapiga rangi, maisha yanaendelea. Kaboni ikigongwa inapasuka, na mtu wa kuirudisha kwenye hali yake humpati kirahisi huku.

Na wale wa Subaru zenye tabo, msichanganye mambo. Ile pua ya kwenye boneti yenu inaingiza hewa ya kupoza kipoozeo kilicholala juu ya injini. Ukiitoa ukaweka boneti yenye matundu ya kutoa hewa, umeziba pua ya gari yako mwenyewe.

MPANGILIO WA HELA

Mwisho wa siku ishu siyo kaboni, ni foleni ya matumizi. Gari inayobeba mama kwenda kliniki ina haki zake, na zina mpangilio: breki, tairi, rejeta, feni, taa, waipa. Hivyo vyote vikiwa vizima na hela imebaki, mpambe anaruhusiwa kuingia. Boneti ikiruka foleni, kuna siku mtu mwingine ndiye atalipa tofauti, na mara nyingi mtu huyo hata hakuuliziwa rangi.

Habari za juzijuzi ni kwamba staa kafunga feni mpya, rejeta imesafishwa, kulanti ya kweli imejazwa. Foleni ya Mbagala anapita na kiyoyozi kinapuliza. Boneti ya chuma, nyeupe, ya kawaida kabisa, imerudi mahali pake. Ile ya kaboni imetundikwa sebuleni ukutani kama kombe, inasubiri kiangazi na video mpya.

Mama akija siku hizi, kabla hajapanda anaangalia juu ya boneti kwanza.

Haya wadau, uwanja wenu: ungekuwa wewe, hela ya show inaanza kwenye boneti au kwenye rejeta? Tiririka hapo chini, matusi hapana.