Ndoo ya Maji Si Hatua ya Kwanza

Zulia la msikitini, la ofisini au la sebuleni likichafuka, watu hukimbilia ndoo ya maji na sabuni ya unga. Na kadiri uchafu unavyokolea ndivyo povu linavyozidishwa. Desturi hii haina msingi wa kisayansi. Huharibu mazulia, hupoteza maji, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba huwazoeza vijana kuamini kuwa uchafu ni kitu kimoja chenye dawa moja.

Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni mkavu: mchanga, vumbi, nywele na magamba ya ngozi. Mchanga hauyeyuki katika maji wala katika sabuni. Ukilowa hugeuka tope na kuteremka shinani mwa nyuzi, na huko punje zake zenye ncha huzikata nyuzi kama msasa kila zinapokanyagwa. Kwa hiyo zulia hupaswa kupigwa, kufagiwa au kufyonzwa vumbi lingali kavu. Bibi anayelitundika zulia kambani na kulicharaza kwa fimbo anatumia fizikia sahihi, hata kama hakupata kuisoma: zulia husukumwa ghafula, nayo chembe ya mchanga, kwa sababu ya inesha yake, huachwa nyuma ikaanguka.

Mafuta yana mambo mengine. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili, moja hupenda maji na ya pili hupenda mafuta. Molekuli nyingi huzingira tone la mafuta na kulibandua kutoka katika uzi. Lakini maji ya visima vingi vya pwani, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, yana kalisi nyingi, na sabuni ya kawaida ya mche huungana nayo ikawa utando usioyeyuka. Hapo sabuni yenyewe imekuwa uchafu mpya! Hata povu zuri, lisiposuuzwa vema, hubaki likinata na kuvuta vumbi. Ndiyo maana zulia lililooshwa juzi huwa jeusi tena upesi.

Damu, maziwa na yai ni protini. Maji ya moto huzigandisha papo hapo, kwa hiyo yafaa maji baridi.

Sufu nayo ni protini, na hapa ndipo ujinga unapokuwa wa hatari. Dawa ya klorini ing'arishayo pamba huila sufu. Tena, mtu akiichanganya na siki au na asidi ya kusafishia choo, hutoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha karibu na Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Mwanafunzi huandika habari za klorini daftarini asubuhi, kisha jioni, zamu yake ya usafi ikifika, hukabidhiwa chupa mbili bila kuambiwa neno. Hili halivumiliki, na mwalimu wa kemia hawezi kusema kwamba usafi si somo lake.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara kubwa. Madirisha yawe wazi, mwalimu mwenyewe amimine dawa ya klorini katika bilauri mbili, bila asidi yoyote karibu, atumbukize uzi wa pamba katika moja na uzi wa sufu katika nyingine. Baada ya muda pamba itakuwapo. Sufu haitaonekana tena.